Pipa la Chai na Upepo wa Makambako

Bi Zaitun alipiga simu Njombe alfajiri, na hakusalimia.

"Mama Rejoice, koki ya pipa la chai imeng'oka. Wageni wa Songea wanaingia jioni na mimi sina pa kuchemshia chai."

"Imeng'oka yenyewe?"

"Imegongwa na ng'ombe wa pilau. Amekata kamba, akapita jikoni. Mwanamke, usicheke, kesho ni harusi ya Safina!"

Telesia Mgaya alikuwa ameshacheka. Alifunga simu, akagonga ukuta wa chumba cha bintiye. "Rejoice! Amka. Mtihani wako umekuja mapema."

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi. Bi Zaitun ana mgahawa Makambako, pale malori yanapopumzika, na nyuma ya mgahawa kuna chumba kitupu kinachotazama barabara. Mwezi uliopita alisema chumba hicho anakitaka kiwe karakana ya Rejoice, kwa sababu mafundi wa chuma wapo tele lakini wa kuchomelea stenlesi, chuma kisichoshika kutu, kwa gesi hajamwona. Mara ya mwisho pipa lake lilipotoboka, fundi mmoja alilichomelea kwa fimbo za kawaida za kuchomelea mageti, na chai ikaonja kutu mpaka madereva wakaanza kuuliza kama anapikia maji ya rejeta.

Telesia alijibu kama anavyojibu mambo yote, haraka na bila kuzunguka. "Siku akichomelea mshono wa chakula mbele yangu, usivuje, usishike kutu, na mimi nisishike tochi ya kuchomelea, basi mchukue." Aliyasema hayo akidhani siku hiyo iko mbali. Rejoice alikuwa amemaliza chuo cha ufundi, na tangu hapo alifanya kazi na mama yake katika karakana yao mtaa wa Ramadhani. Kila kazi ngumu ilipofika mahali patamu, mama alinyoosha mkono: "Lete." Na tochi ilihama.

Walipakia. Mtungi wa gesi ya argoni walisimamisha nyuma ya pikapu, wakaufunga kwa mnyororo juu na chini, na kofia yake ya chuma kichwani. Mita yake ya kupimia gesi waliifungua na kuizungushia blanketi, kwa sababu mtungi ukianguka mita ikiwa bado juu yake, shingo inaweza kukatika na mtungi ukaruka kama kombora. Nje, ukungu wa Njombe ulikuwa mzito, malori ya maparachichi yanapita taa zikiwaka. Rejoice aliendesha, na mama akaendesha pia, kwa mdomo.

Makambako waliwakuta akina mama wamejaa uani, wakichambua mchele na kuimba. Abdulatif, kaka yake Bi Zaitun, mwenye lori refu la mizigo, alikuwa amemfunga yule ng'ombe kwenye mti na kukaa karibu naye kama askari wa zamu.

"Karibuni mafundi," alisema. "Mshtakiwa huyu hapa. Kesho anahukumiwa."

"Shikamoo mjomba," Rejoice alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye unachomelea leo, au bosi?"

"Yeye," Telesia alijibu. "Mimi leo ni mgeni mwalikwa." Akavuta stuli, akakaa chini ya banda lililo wazi, pembeni ya pipa. Pipa lilikuwa refu mpaka kifuani mwa mtu mzima, jeupe linang'aa, na ubavuni karibu na chini lilikuwa na tundu ambapo shingo ya koki ilikuwa imechanika.

"Anza kwa kusema," aliamuru. "Nikusikie."

"Gesi ya kupikia nimeitoa, mtungi uko kwa jirani. Pipa limeoshwa, limekauka. Nimelipangusa kwa asetoni, kitambaa nimekipeleka mbali, na nimesubiri harufu iishe."

"Nguo?"

"Pamba tupu. Yule dada wa gauni la nailoni nimemhamishia kwenye vitunguu."

Dada wa nailoni alinung'unika kutoka kwenye vitunguu.

Rejoice alinoa sindano ya tangsteni, ile inayotoa moto wa umeme, kwenye jiwe, mikwaruzo ikifuata urefu wake, mpaka ncha ikawa kama ya penseli. Akaiingiza kwenye tochi, akaibana, akafunga kikombe cha kauri mbele na kofia nyuma, akahakikisha kipete cha mpira cha kuziba hewa kimekaa, maana kikilegea hewa inaingia kisirisiri. Ncha akaiacha ichungulie kidogo tu nje ya kikombe. Waya wa tochi kwenye hasi ya mashine ya kuchomelea, wa ethi kwenye chanya, na kibanio cha ethi juu ya chuma kitupu karibu na tundu. Halafu akafunga mita juu ya mtungi, akasimama ubavuni mwake, siyo mbele ya mita, akaufungua polepole. Akapaka povu la sabuni kwenye viungo vyote. Hakuna kilichobubujika.

"Mita?"

"Lita nane kwa dakika, kama nyumbani."

"Sawa. Jaribu kwanza kwenye kipande."

Rejoice alivaa glovu, akashusha kofia ya kioo cheusi, akapaza sauti: "Macho!" Watu wakageuka. Mwanga wa buluu ukaruka. Alipoinua kofia, mshono juu ya kipande cha stenlesi ulikuwa mweusi na una vitundu kama maandazi yaliyoungua.

Hapo moyo wa Telesia uliruka, na yeye mwenyewe hakupenda ulivyoruka. Uliruka kwa furaha. Bado, moyo ulisema. Bado hajawa tayari. Turudi naye nyumbani.

"Mkono wako uko mbali na kazi," alisema, na kabla hajafikiri alikuwa amenyoosha wake. "Lete."

Rejoice alimtazama kidogo, akampa tochi.

Telesia alichomelea. Alichomelea kama alivyochomelea maisha yake yote tangu apate stashahada, mkono mtulivu, tochi imelala kidogo nyuma, waya wa kujazia ukidonoa taratibu. Alipoinua kofia, mshono wake ulikuwa mweusi kuliko wa bintiye.

Abdulatif alisogea, akainama, akatazama. "Samahani fundi. Hii ni stenlesi au mkaa?"

Akina mama wa mchele waliangua kicheko. Telesia aliongeza gesi mara mbili. Mshono ukatema cheche na kuwa mbaya zaidi. Akabadilisha sindano. Akapaka sabuni upya. Akaupiga mtungi kofi, jambo ambalo hakuna chuo kinachofundisha. "Huyu muuzaji ametupa nini humu? Nampigia simu sasa hivi."

"Mama, usipige."

"Kwa nini nisipige?"

Rejoice alikuwa hatazami mtungi. Alikuwa anatazama moshi wa moto wa kuni upande wa pili wa ua. Haukuwa unapanda. Ulikuwa umelala, unakimbia chinichini kupita kwenye banda, na upindo wa kanga aliyojifunga mama yake ulikuwa unapepea kuelekea ukutani.

"Mama, nyumbani tunachomelea mlango ukiwa wazi?"

"Na baridi lile? Mlango wetu wa mbele tunaufunga, madirisha ya nyuma chini ndiyo..." Telesia alishika upindo unaopepea. Akatazama kanga yake. Akatazama moshi.

Gesi ya argoni kazi yake ni moja, kuufunika ule mchuzi wa chuma kinachoyeyuka ili hewa isiuguse. Ni blanketi jepesi. Kule mtaa wa Ramadhani hakuna wa kulivuta, kwa sababu wote wanajifungia ndani wakipuliza viganja. Lakini hapa palikuwa Makambako, ambapo upepo huondoka na kofia za watu na hakuna anayeshangaa. Na ukiongeza gesi kwa fujo, inajizungusha na kuvuta hewa yenyewe. Telesia aliwahi kuliandika hilo kwenye mtihani, na akapata alama zote.

Alicheka mpaka akashika stuli. "Yesu wangu! Nimetaka kumpigia simu muuzaji wa watu!"

"Ungempigia ungemwambia nini?" Bi Zaitun aliuliza.

"Kwamba kwenu kuna upepo! Haya, libebeni pipa liingie stoo, tufunge mlango."

"Hapana," Rejoice alisema.

Akina mama wa mchele waligeuka. Telesia hakuzoea neno hilo.

"Stoo ile haina hata tundu, mama. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, itajaa chini, na mimi nachomelea nikiwa nimechuchumaa. Libaki hapa. Tuuzuie upepo, tusijifungie." Akageuka. "Mjomba, lori lako lina urefu gani?"

Abdulatif alielewa kabla hajamaliza. Alikimbia kama kijana. Lori lilirudi nyuma likilia, wanawake wakihamisha ungo na masufuria, ng'ombe akitaka kukata kamba tena, mpaka ubavu mrefu wa lori ukasimama kati ya banda na upepo. Moshi wa kuni ukasita, ukainuka.

"Zima injini," Telesia alisema. "Chai ya harusi haihitaji dizeli." Mabati mawili yakafunika pengo la chini ya lori, na upande wa nyuma wakauacha wazi ili watu wapumue.

Rejoice alirudisha mita kwenye nane. Kipande kingine. "Macho!" Safari hii mshono ulitoka umelala kwa mafungu madogo yanayofanana, rangi yake ya asali.

Akina mama walipiga vigelegele. Safina, bibi harusi, alitokeza dirishani na hina mbichi mikononi. "Nami nione huo mwanga!"

"Rudi ndani!" Telesia alimfokea. "Ukiutazama, usiku macho yatakuwasha kama yametiwa mchanga. Kesho shehe atadhani umelazimishwa."

Kisha wakaja kwenye pipa lenyewe. Rejoice alipachika shingo mpya ya koki, akafunika mdomo wa pipa kwa foili, akaacha tundu dogo juu, akaingiza mpira wa pili wa gesi chini ili argoni ijae ndani na kuisukuma hewa itoke. Bila hivyo mshono ungependeza nje na kuoza ndani, na chai ingeonja kutu tena. Alisubiri. Telesia alikalia mikono yake. Aliikalia kweli, viganja chini ya mapaja, kwa sababu aliijua.

"Macho!"

Ua mzima uligeuka ukutani. Na kwa kuwa harusi haiwezi kukaa kimya, waliimba hivyo hivyo, migongo kwa fundi, wakipiga makofi na kuuchezea ukuta. Telesia peke yake alitazama, nyuma ya kioo cheusi. Aliona mchuzi mdogo wa chuma ukizunguka shingo. Aliona ncha ya tangsteni ikigusa mchuzi kwa bahati mbaya. Akakandamiza viganja zaidi chini ya mapaja. Rejoice alisimama mwenyewe, akazima, akaenda kuinoa sindano upya, akasafisha palipochafuka, akarudi. Hakumtazama mama.

Alipofika mwisho wa duara, moto ulizimika lakini tochi haikuondoka. Aliishikilia palepale, gesi ikiendelea kupuliza juu ya mshono mpaka ukapoa. Kisha akainua mkono.

"Imekwisha?" Bi Zaitun aliuliza, na bila kungoja jibu akabandua foili na kuinama azamishe kichwa pipani.

Telesia hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika. Alimdaka kwa gauni mgongoni akamvuta, wote wawili wakakaa chini kwenye mchele.

"Umenichania gauni!"

"Gauni litashonwa! Rejoice, muonyeshe."

Rejoice aliwasha mshumaa, akaufunga kwenye waya, akaushusha ndani ya pipa. Haukufika nusu. Ulizimika kama uliochovywa majini, na ndani hapakuwa na tone la maji. Nyimbo zilikatika.

"Pamejaa gesi," Rejoice alisema kwa upole. "Haina harufu, haina rangi, haikuonyi. Ungevuta pumzi mbili ungeanguka, mama, na anayekuja kukutoa angeanguka juu yako."

"Subhanallah," Bi Zaitun alinong'ona. Kisha akamgeukia Telesia. "Chana na upande wa pili."

Walifunga mtungi, wakalilaza pipa, wakaliinamisha mdomo chini, gesi ikamwagika isionekane. Upepo wa Makambako, uliofukuzwa muda wote huo, safari hii uliitwa uje kusaidia, lori likasogezwa. Mshumaa uliposhuka tena na kuwaka mpaka chini kabisa, ndipo Bi Zaitun aliruhusiwa kuchungulia. Ndani mshono ulikuwa safi kama nje.

Walijaza maji. Abdulatif alilala kifudifudi akapitisha karatasi chini ya shingo ya koki, akaitoa, akaionyesha watu wote. Kavu.

Basi la Songea lilifika jua likizama, na chai ya tangawizi ilikuwa inachemka. Bi Zaitun alionja kikombe cha kwanza, akafumba macho, akampelekea Telesia. Telesia naye akaonja. Alitafuta kutu kwa ulimi wote, hakuipata.

"Mchukue," alisema.

Harusi ilikuwa tamu, na mshtakiwa pia. Siku iliyofuata Telesia alifunga mtungi wa argoni kwa mnyororo kwenye ukuta wa chumba kile kitupu, akauvuta kupima, akauvuta tena. Akaingia kwenye pikapu. Akatoka. Akamwambia Rejoice akague vipete vya mpira kila wiki. Akamwambia ale. Akamwambia dirisha la chini asilizibe hata baridi likija. Akasimama mlangoni ameshika kitasa.

Rejoice alitabasamu. "Mama, moto umeshazimika. Mbona umeganda?"

"Nyamaza," Telesia alisema. "Gesi bado inatoka."

Akakaa hapo kidogo zaidi, kisha akainua mkono kutoka kwenye kitasa, akaondoka akipiga honi mpaka kwenye kona.