Chiriku Juu ya Jukwaa

Mchana ule bibi mshona nguo alifunga kibanda chake mapema, akampelekea bintiye chakula kazini. Binti alikuwa fundi rangi, na wiki hiyo alipaka jengo la ghorofa tatu. Bibi alipoinua macho ili amwite, alimwona hayuko peke yake. Juu ya jukwaa la mbao, kando ya bintiye, alikaa mjukuu wake wa miaka sita, ananing'iniza miguu na kuimba. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Bibi hakupiga kelele. Alichelea kumshtua mtoto. Aliweka chakula chini, akajifunga kibwebwe, akapanda ngazi. Ghorofa ya kwanza alifika kwa hasira, ya pili kwa ukaidi. Hapo akakosea, akatazama chini, akaikumbatia ngazi asiweze kupanda wala kushuka.

Binti alimshusha Chiriku kwanza, kisha akarudi kumchukua mamaye, akimwekea miguu kidato baada ya kidato, huku Chiriku akimwelekeza bibi kutoka chini kwa sauti ya mwalimu mkuu.

Walipofika chini, binti alijitetea kabla ya kuulizwa. Shule ilikuwa imefungwa, jirani anayemwangalia mtoto alikuwa mgonjwa, na mtoto alikuwa amefungwa kamba kiunoni, fundo imara.

"Fundo nimeliona, ni zuri," bibi alisema, bado anahema. "Upande wa pili wa kamba umeufunga wapi?"

"Kiunoni kwangu."

"Na ukiteleza wewe, mwanangu?"

Binti alitazama juu jukwaani. Kisha akaketi kwenye ndoo ya rangi, machozi yakamtoka. Bibi alikuwa amejiandaa kugomba mpaka jua lizame. Badala yake alibanana naye kwenye ndoo ileile, akamwambia jambo alilolificha siku zote: binti alipokuwa mchanga, yeye bibi aliwahi kumwacha karibu na pasi ya mkaa, akageuka kumhudumia mteja. Ile alama ya mkononi mwa binti ilikuwa ya kuungua; hakuzaliwa nayo kama alivyoambiwa.

Binti aliishika alama yake, akaanza kucheka katikati ya kilio.

"Mama, miaka thelathini yote?"

"Niliona haya."

Hadi shule ilipofunguliwa, Chiriku alishinda kibandani kwa bibi, akipanga vifungo kwa rangi na kuwachosha wateja kwa maswali. Jioni mamaye alimpitia, nywele zimejaa madoa, na mtoto alimsimulia siku nzima bila kupumzika mpaka mlangoni kwao.