Uwili Ndani ya Sebule

Neno lenyewe lilikuwa fupi, uwili, lakini lilikuwa limemkwama mhariri kooni kama mwiba wa samaki. Kamusi ilikaribia kupigwa chapa, na mkurugenzi alitaka maana ya neno hilo iwe mezani kwake kabla ya watu kutoka kazini. Mhariri akaandika: "Mgawanyo wa kitu kizima katika sehemu mbili." Akaona kazi imekwisha. Akaipitisha kwa mhakiki wa meza ya jirani, mama mtu mzima ambaye ofisi nzima ilimwita Bi. Miwani, kwa kuwa alikuwa na miwani mbili na zote alizibandika kichwani kwa pamoja.

Bi. Miwani aliirudisha hata chai haijapoa. Alisema papai likikatwa katikati nalo limegawanyika sehemu mbili, lakini nusu hii na ile ni mtu na ndugu yake. Ukizibadilisha nani atajua? Uwili ni jambo jingine. Kila upande hujulikana kwa kutokuwa ule mwenzake, wala hakibaki kitu nje. Aliyemo na asiyemo. Aliye hai na aliyekufa. Mhariri akabisha kwamba katikati hapakosekani. Kati ya mchana na usiku si kuna magharibi? Bi. Miwani akamjibu, kwa upole unaoudhi kuliko tusi, kwamba basi mchana na usiku si mfano mzuri, atafute mwingine.

Hapo ndipo mhariri alipoharibu. Kwa hasira akaandika, "Sehemu mbili zinazopingana, pamoja na nafasi iliyo katikati yake," akaipeleka juu moja kwa moja bila mtu kuihakiki. Mkurugenzi akaikata kwa wino mwekundu, akamuuliza Bi. Miwani, akaagiza ichapwe kama alivyosema yeye, kisha akauliza mbele ya watu hiyo nafasi ya katikati mwenzetu ameitoa wapi.

Aliitoa nyumbani kwake, ila hilo hakulisema.

Tangu dada yake mkubwa aachike na kuja kukaa nao pamoja na cherehani yake, sebule ilikuwa imepasuka. Mke wake alikuwa mwalimu, na meza ya sebuleni ndipo alipozoea kusahihisha madaftari. Cherehani nayo ikawekwa papo hapo, ikanguruma. Mawifi hao hawakutukanana hata siku moja, na hilo ndilo lililomchosha mhariri zaidi, maana ugomvi usio na matusi hauna pa kuushika. Walichofanya ni kulisukuma kabati la vyombo mpaka katikati ya chumba, mmoja huku na mwingine kule, na hiyo ndiyo kazi pekee waliyowahi kuifanya pamoja. Tangu hapo kiti cha huku kilikuwa cha mwalimu na cha kule cha mshonaji. Mhariri, aliyelipa kodi ya nyumba nzima, alikula amesimama mlangoni na sahani mkononi, kwa kuogopa kwamba akikaa huku watanuna kule.

Mke alikuwa amemuuliza jambo moja tu: wifi yake anakaa au anaondoka? Lolote atakalosema angelikubali, mradi aseme. Dada naye alikuwa amepata chumba cha kupanga, na mwenye chumba alitaka jibu siku hiyo hiyo. Akamwambia mdogo wake kwamba akimwambia akichukue, atakichukua.

Jioni ile alipoingia, wote wawili waliacha walichokuwa wakifanya. Mhariri akasimama pale pale mlangoni, akaanza kuuma na kupuliza. Alisema wote ni wake. Kila mtu ana haki yake. Yeye hana upande. Mtu mzima, riziki yake maneno, na hayo ndiyo aliyookota.

Dada akaifunika cherehani.

"Nakichukua chumba," akasema.

Mhariri akajitetea kwamba hajamwambia aondoke.

"Ndiyo, hukuniambia. Ungeniambia niondoke, ningekununia mwaka mzima halafu ningerudi, maana wewe ni ndugu yangu. Ungeniambia nikae, ningekaa. Sasa nimsamehe nani, mdogo wangu?"

Akaingia ndani kufunga nguo zake. Mhariri alisikia nafuu kidogo, akaona aibu kwa kuisikia, akamgeukia mke wake akitaka angalau huyu amwonee huruma.

"Usinitazame hivyo," mke akasema. "Mimi hukunichagua. Umemwacha tu mwenzangu aende. Siku nikitakiwa kwenda mimi, utasimama hapo hapo mlangoni."

Akakusanya madaftari yake, akayapeleka chumbani, akafunga mlango taratibu.

Mhariri aliwakasirikia wote wawili, kisha akamkasirikia Bi. Miwani, na hasira zilipokosa mwenyewe akalivamia kabati, akalisukuma peke yake mpaka ukutani, vikombe vikilia ndani. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Juu ya anayeponyokwa na zote hawakuacha neno. Sebule ikawa moja tena, pana kuliko alivyoikumbuka. Viti vyote vilikuwa wazi, na hakujua akalie kipi.