Tonge la Kwanza
...tena hakigusi, Mwamba anajiambia, tonge la bukari, ugali wa kwao, mkononi, hakigusi hata kidogo chakula hiki huyu Donatien, mtoto wa dada yake, aliyekileta mwenyewe kutoka Lubumbashi, sombe ya majani ya muhogo kaifunga kwenye mfuko, kaipasha moto, kaipakua, na sasa kakunja mikono mbele ya sahani yake kama mtu aliyeshiba, nani anashiba chakula cha kwenye ndege?, “Anza kula, tonton, itapola,” macho chini, macho ya mtu mwenye jambo, Mwamba anayajua, hakuwa kanali bure, miaka kumi na tatu ya uhamishoni amebaki hai kwa kutomwamini mtu, hasa mtu wa nyumba ya kaka yake, kaka, chifu mzima, aliyemsingizia kwamba anakitaka kiti chake cha uchifu akamtumia askari hadi mpakani, na leo Donatien eti “anagonjwa kidogo tu, bon, donc anakuita,” anamwita leo, kwa lipi?, kule chini saluni wanawake wanacheka, labda mmoja wao katumwa pia, labda wote... wazimu huu, atakufa nao, azikwe huku kama yule bwana wa Ireland ndani ya kanisa analolisafisha, mtu wa ukoo mkubwa, mwanajeshi, kafukuzwa kwao kafia hapahapa Brussels, kila Ijumaa Mwamba humpangusia jiwe lake na kumwonea huruma, “Onja weye kwanza,” anasema, kwa sauti ya kambini, na Donatien anashtuka, “Mi? Mbele yako, papa? Non, siweze,” papa, yaani baba, wakati mlangoni alimwita tonton, mjomba, na mbona kavua viatu, mbona kakiacha kiti kaketi kwenye kigoda... mkeka wa baba yao, chifu wa wakati ule, wanaume wazima wakimeza mate mpaka chifu ale tonge la kwanza, yeye na kaka wakichungulia, kaka akimfinya ili acheke, lakini yeye, mdogo, nani amewahi kumngoja?, kaka akiwa hai mdogo hangojwi... na habari ya msiba, kwao, hapewi mtu mwenye njaa, hulishwa kwanza. Donatien hana sumu. Anangoja mjomba wake ashibe ndipo aseme. Kaka yangu, mshenzi wewe, kaka yangu, na inamuuma, inamuuma kweli, anatamani ingekuwa sumu, chini bado wanacheka, bukari imeshapoa, na Mwamba kalishikilia tonge lake vilevile, maana akilimeza tu, ataambiwa.