Glasi ya Makaa ya Mawe

Shyaka alikuwa mkemia, na ugonjwa wake ulikuwa kuropoka. Siku ya kwanza kukutana na Mzee Gasana, baba wa mpenzi wake Umulisa, alimwambia kwamba yeye huyeyusha makaa ya mawe kwenye maji. Jamani! Kumwambia hivyo mtu aliyeuza makaa pale mtaani Sonatubes tangu ujana wake!

"Makaa hayayeyuki," mzee akasema. "Na binti yangu simpi muongo. Nionyeshe, au tusijuane."

Jumapili mzee akaja Kibagabaga nyumbani kwa Shyaka, uso kaukunja. Shyaka hakutaka kushindwa, maana alimpenda Umulisa kweli. Makaa ya mawe alikuwa ameyaloweka kwenye asidi mpaka yakalegea, akayasuuza sana, akayakausha, akayasaga. Sasa akautia unga ule kwenye glasi ya maji ya magadi, akakoroga. Maji yakawa meusi tii. Akaiweka glasi mbele ya mzee, akajipongeza moyoni.

Mzee akaitazama. "Onja."

"Baba, hiki si kinywaji."

"Mimi mgeni, umeniwekea glasi, halafu huonji kwanza? Unataka kuniua?"

Lo! Hilo Shyaka hakulifikiria. Mwenyeji asiyeonja kwanza ni mtu wa sumu; hata yeye aliyekulia Bukoba, ng'ambo ya mpaka, alilijua hilo tangu utotoni. Akamgeukia Umulisa amwokoe.

"Onja bwana," Umulisa akanong'ona. "Ukikataa, tumekwisha."

Akaonja. Ladha ya sabuni na moshi, machozi yakamtoka. Kisha, kwa adabu zote, akamkabidhi mzee glasi kwa mikono miwili.

Mzee akagwaya. Glasi iliyokwisha kuonjwa na mwenyeji huirudishi, labda uwe umekuja kutafuta ugomvi. Akamtafuta binti yake kwa macho. Binti anaangalia dari. Basi akafumba macho, akapiga funda. Akalizungusha mdomoni polepole, ulimi ukitafuta chenga za makaa, zile zile alizozitema maisha yake yote akipakua magunia. Hakupata hata moja.

"Imeyeyuka," akasema, meno yote masizi. "Kabisa."

Umulisa alikuwa kajiziba mdomo, mabega yanatikisika.

"Wewe si muongo," mzee akaendelea, akijifuta midomo. "Lakini siku ya kuja kuposa, mkwe wangu, vinywaji walete wajomba zako. Wewe usiguse hata kizibo."