Saa Moja ya Likizo

Mkunga alimfuta mtoto, akamgeuza, kisha akanyamaza. Baba, aliyekuwa ameruhusiwa kuingia dakika hiyo hiyo, bado alikuwa na vipande vya nywele za wateja kwenye shati. Alikuwa kinyozi, na habari za uchungu zilimkuta katikati ya kichwa cha mtu. Kimya kile kilimshtua kabla hata hajajua sababu yake.

"Ni msichana," mkunga akasema. "Mapafu yake mmeyasikia wenyewe. Ila mguu wa kulia umegeukia ndani."

Mama akanyanyua kichwa atazame. Wayo mdogo ulikuwa umejikunja, vidole vikielekea mguu wa pili, kisigino kimepanda juu. Yeye alikuwa mwalimu wa darasa la pili, mtu wa kuuliza swali na kungoja jibu.

"Nimefanya nini?" akauliza.

"Hujafanya kitu. Watoto wengine huzaliwa hivyo. Hata baba yake hajafanya kitu, ingawa namwona pale mlangoni anahesabu dhambi zake. Mguu huu unanyooshwa. Nitawaandikia barua muende kliniki akitimiza wiki mbili."

Kliniki ilikuwa kila Jumatano, chumba cha mwisho kwenye korido ndefu ya hospitali. Mtaalamu wake alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Wazazi wote walimwita Daktari, naye kila mara alikuwa akiwarekebisha kwamba yeye si daktari, ni mtu wa plasta, kisha akiitwa tena Daktari aliitika. Aliushika ule mguu kwa vidole viwili na gumba, akausukuma taratibu kuelekea nje, akaushikilia hapo. Akazungusha pamba, kisha bandeji zilizolowekwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kuanzia vidoleni hadi juu ya paja. Mama alikuwa akinyonyesha muda wote huo. Baba alipewa kazi ya kushika goti, akalishika huku macho ameyafumba.

"Baba, mtoto hajalia," Daktari akamwambia. "Unaweza kufumbua."

Ilikuwa hivyo wiki sita. Kila Jumatano plasta ya zamani ilitolewa, mguu ukasogezwa tena kidogo, plasta mpya ikafungwa. Mtoto hakuweza kuogeshwa, alifutwa kwa kitambaa kama sahani. Akiwa kitandani aligundua kwamba ule mguu mzito ukipigwa kwenye mbao unatoa sauti, basi akawa anapiga ngo, ngo, ngo, mpaka jirani akatokea uani kuuliza ni mgeni gani huyo anayebisha hodi kutwa nzima na hakaribishwi.

Baada ya plasta ya sita, Daktari, ambaye hilo nalo alikuwa amefunzwa, alikata kidogo kano ya kisigino ili kishuke, akafunga plasta ya mwisho ya wiki tatu. Ilipotolewa, mguu ulikuwa umenyooka. Ulikuwa mwembamba, umejaa magamba ya ngozi kavu, na unanuka kama tambara lililosahaulika ndooni. Kinyozi aliuinua akaubusu kwenye wayo mbele ya watu wote.

"Usisherehekee bado," Daktari akasema, akaweka mezani jozi ya viatu vidogo vyenye mikanda, vimeunganishwa kwa chuma chembamba katikati. "Mguu una kumbukumbu. Ukiuachia, unarudi ulikotoka. Atavaa hivi saa ishirini na tatu kwa siku, miezi mitatu. Saa moja tu ya kuvuliwa, aoge, ajinyooshe. Baadaye itakuwa wakati wa kulala tu, mpaka afike miaka minne."

"Na huu wa kushoto?" akauliza bibi, mama yake Mwalimu, aliyekuwa amewasindikiza. "Wenyewe unafungwa kwa kosa gani?"

"Umemdhamini mwenzake," Daktari akajibu.

Ile saa moja wakaiita likizo. Walikubaliana kwamba likizo itakuwa jioni, Mwalimu akitoka kazini, kwenye beseni la bluu.

Kukubaliana kulikuwa rahisi kuliko kusikiliza. Mtoto alilia siku ya kwanza, akalia siku ya pili, siku ya tatu akapumzika kidogo halafu akaendelea. Alikuwa amezoea kurusha mguu mmoja mmoja. Sasa akirusha huu, ule unamvuta. Alitazama viatu vyake, akamtazama aliye karibu, mdomo wa chini ukaanza kutetemeka.

Likizo ya uzazi ilikuwa imekwisha, Mwalimu akarudi shuleni. Asubuhi mtoto alikaa na baba yake kinyozini, kwenye kikapu kikubwa kilichowekwa chini ya kioo, mbali na nywele. Kwa vile kutoka hapo aliona kila kitu na hakufanya chochote, wateja wakampa jina la Meneja. Mchana bibi alikuja kumchukua mpaka mama yake arudi.

Sasa, mida ya saa nne asubuhi wateja hupungua. Siku moja Meneja alilia hadi akakauka sauti, na kinyozi akachungulia mlangoni, akaona hakuna mtu. Akafungua mikanda. Mtoto akanyoosha miguu, akashusha pumzi kama mzee aliyevua koti, akamcheka baba yake kwa ufizi mtupu. Kinyozi akajiambia ni leo tu. Kesho yake saa nne ikafika tena, na kicheko kile nacho akakitaka tena. Mwisho ikawa ni desturi. Saa tano alivifunga viatu, akapangusa machozi ya mtoto na mara nyingine ya kwake.

Kuna siku alisikia miguu ya mtoto inanukia mafuta ya nazi, na yeye hakuwa na mafuta dukani. Alifikiri kuuliza. Lakini mtu mwenye lake moyoni haulizi sana, akanyamaza. Mwalimu naye jioni moja alikuta mkanda umefungwa tundu la tatu badala ya la nne. Akakunja uso, akafungua midomo aseme, halafu akaifunga.

Wiki sita zikapita hivyo, wakarudi kliniki wote watatu, baba, mama na bibi. Daktari akamvua Meneja viatu, akaushika mguu wa kulia, akaukunja kwenda juu. Haukwenda alikotaka. Akajaribu tena, safari hii bila kuzungumza. Kisigino kilikuwa kimeanza kupanda, na vidole vimeanza kutazama ndani.

"Anavaa saa ngapi kwa siku?"

"Ishirini na tatu!" wakajibu kwa pamoja.

"Mmejibu vizuri mno," Daktari akasema. "Kama darasa la pili."

Akachukua kiatu, akavuta ngozi ya ndani, akaiinua dirishani. Alama za vidole vya mguu, ambazo kiatu kinachovaliwa kutwa huwa nazo nzito, zilionekana kwa mbali tu. Akaiweka mezani mbele yao, akakunja mikono, akangoja. Mwalimu aliijua mbinu hiyo, aliitumia kila siku kwa watoto wa watu, lakini hakuwahi kukaa upande huu wake.

Kinyozi ndiye aliyevunjika kwanza.

"Ni mimi, Daktari. Usiwalaumu hawa. Saa nne asubuhi huwa namfungua. Analia, nami... huwa namfungua. Saa moja tu." Akainamisha kichwa, hakuthubutu kumtazama mkewe.

"Wewe?" Mwalimu akasema.

"Nisamehe, mke wangu."

Mwalimu akazungusha pete kidoleni. "Ile saa ya jioni," akasema polepole, "siyo saa moja. Ni mbili. Wewe unakuwa hujafunga duka, huoni. Nikishamwogesha namlaza kifuani hivyo hivyo bila viatu. Najiambia dakika kumi."

Basi wote wawili wakageuka. Bibi alikuwa anasoma tangazo la chanjo ukutani kwa makini ya ajabu, na miwani yake ilikuwa kwenye mkoba.

"Mama?"

"Mnanitazamia nini?" bibi akasema. "Mafuta hayapakwi juu ya kiatu."

"Saa ngapi, mama?"

"Sina saa mimi. Mpaka alale, kisha aamke."

Nesi aliyekuwa pembeni akatoka nje ghafla, wakamsikia kwenye korido akicheka. Daktari naye midomo ilimcheza, lakini aliposema sauti yake haikuwa na mzaha.

"Kuna viatu kama hivi nimevikuta nyumbani kwa watu, juu ya kabati, vikiwa na vumbi, kwa uvivu tu. Nyinyi mmevivua kwa huruma, nakiri. Lakini mguu haujui tofauti." Akamwinua Meneja, akampa mama yake. "Tutarudi kwenye plasta. Wiki tatu nadhani zitatosha. Halafu viatu upya, tangu mwanzo."

Walitoka wakakaa kwenye benchi la nje, mtoto ana mguu mweupe, mzito, kama siku za kwanza. Bibi, mwanamke ambaye kwa kawaida hakosi la kusema, alikaa mwisho wa benchi akipapasa mkoba wake. Kinyozi alingoja mkewe aanze kufoka. Mkewe akaanza kulia badala yake, kimya kimya, huku anampigapiga mtoto mgongoni taratibu.

"Mwalimu, jamani."

"Ungeniambia," akasema.

"Ningekuambiaje? Kila ukipita dukani ukitoka shuleni unauliza, amevaa? Amevaa? Nikajua wewe una roho ngumu ya kazi hii, mimi ndiye legelege. Nikaona haya."

"Roho ngumu mimi?" Mwalimu akamgeukia, pua imelowa machozi. "Nilikuwa nauliza kwa sababu nilijua jioni nitamvua! Nilisema angalau asubuhi yuko na baba yake, baba yake hachezi."

Wakatazamana. Kinyozi alianza kucheka kwanza, kile kicheko cha mtu asiyetaka kucheka, mabega yakatikisika. Mwalimu akampiga kofi la bega, kisha akacheka mwenyewe na machozi yake.

"Mimi mnanisahau," bibi akasema kutoka mwisho wa benchi. "Mimi ndiye mkubwa. Ningewazuia nyinyi, nami nikawa wa tatu." Akaacha kupapasa mkoba. "Miguu yake ni laini sana."

Kinyozi akahama, akakaa karibu na mama mkwe wake. "Mama, na mimi nilisikia mafuta nikanyamaza. Hapa hakuna wa kumcheka mwenzake."

Wiki tatu zilipokwisha, Daktari aliwarudishia viatu, na safari hii aliwakalisha nusu saa nzima. Mtoto, aliwaambia, alikuwa amejifunza jambo moja tu: kwamba kulia kunafungua viatu. Sasa ajifunze lingine. Akashika kile chuma katikati, akakisukuma kwenda tumboni kwa mtoto, akakivuta, magoti yote mawili yakakunjuka kwa pamoja. "Mfundisheni kupiga teke la miguu miwili. Akilijua hilo, hatawahitaji."

Kazi ikawa hiyo. Bibi alishona soksi mbili laini zisizo na mshono vidoleni, na mafuta yake akahamishiwa kwenye likizo halali, jioni, mbele ya mashahidi. Saa nne asubuhi ilipofika, kinyozi aliweka mashine chini, akapiga magoti mbele ya kikapu, akasukuma na kuvuta, akasukuma na kuvuta, akiimba wimbo wa kutunga usio na maneno mengi. Meneja alilia. Kinyozi akaimba huku moyo unamchoma, hakugusa mkanda. Mteja mmoja, dereva wa lori mwenye mikono kama makasia, akainuka kitini akasema, "Hebu nipokee zamu, kaka, wewe utalia." Akaimba yeye.

Siku ya nne, asubuhi, kinyozi akiwa ameinama kwenye kisogo cha mtu, alisikia kishindo. Taulo lililokuwa limetundikwa juu ya kikapu lilikuwa sakafuni. Meneja alikuwa amekunja magoti yote mawili, akayafyatua, chuma kikapiga ukingo wa kikapu. Akafanya tena. Akamtazama baba yake kuhakikisha kwamba ameona. Tangu siku hiyo alipiga teke kila kilichokuwa karibu, na kilio cha viatu kikaisha kama mvua inavyokatika.

Mkanda ulifungwa tundu la nne kila siku, na jioni, kwenye mlango wa duka ambalo sasa lilifungwa mapema, Mwalimu hakuuliza tena kama amevaa. Aliuliza, "Leo ulishindaje?" na aliyeulizwa alikuwa mumewe. Siku nyingine alijibu, "Nilikaribia." Naye akamwambia, "Jana mimi pia," wakaenda kumwogesha pamoja.

Miezi mitatu ilipotimia, Daktari aliukunja mguu, ukakunjika hadi alipotaka. Akasema sasa viatu ni wakati wa kulala tu. Hakuwasifu sana. Ila aliushikilia mguu ule muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, na alipoitwa Daktari hakusahihisha.

Meneja aliketi, akatambaa, akasimama kwa kushika vitu, kila jambo kwa wakati wake au kwa kuchelewa wiki chache. Jumamosi moja, akiwa na mwaka na miezi miwili, alikuwa kinyozini amesimama akishika kiti cha wateja. Mwalimu alikuwa kwenye benchi anasahihisha madaftari. Kitini alikaa kijana aliyekuwa na miadi ya kwenda kuposa, amenyolewa upande mmoja wa kichwa.

Mtoto akaachia kiti. Akapiga hatua ya kulia, akasimama kuifikiria. Akapiga ya kushoto. Kalamu ikamdondoka Mwalimu. Kinyozi akazima mashine, na katika kile kimya Meneja akavuka duka zima juu ya nywele zilizomwagika, nyayo zote mbili bapa chini, mpaka akagonga magoti ya mama yake.

Kinyozi alikuwa ameziba mdomo kwa taulo.

"Kaka," yule kijana akaita baada ya muda, akijishika upande wa kichwa uliobaki, "na mimi je? Wananingoja."

"Subiri kidogo, ndugu yangu," kinyozi akasema. "Meneja anageuka arudi."