Kamba ya Kiunoni

Shangazi Paraska alikataa kumtazama nyati. Nyati mwenyewe amekaushwa na kusimamishwa pale pale mlangoni mwa makumbusho, na kila mgeni lazima ampitie. Shangazi alimpita kama jirani waliyenuniana naye.

"Picha iko wapi?" akamwuliza Bi Lindqvist, mtunzaji wa makumbusho.

Picha ililetwa na wajukuu wa mchoraji mmoja aliyezunguka mbuga zetu za nchi ya baridi zamani, akilala nyumba za watu na kuchora. Nyuma ya picha aliandika: Mke wa Bilous akianika nguo. Bilous ni babu yangu. Ila mke huyo si bibi yangu; ni mke wa kwanza, mama yake Shangazi, aliyekufa kwa homa ya mafua binti yake akiwa bado mdogo sana. Hakuacha hata picha moja.

Alichoachiwa Shangazi ni maneno ya bibi yangu, mama yake wa kambo. Bibi nilimpenda, lakini ulimi wake ulikuwa upupu. Shangazi akivunja kikombe tu, aliambiwa, "Ndiyo maana mama yako alikufunga nguzoni kama mbuzi, akaenda zake kupiga soga." Ubaya ni kwamba Shangazi anaikumbuka hiyo kamba, jinsi ilivyokuwa ikimkwaruza tumbo. Amezeeka na swali moja: je, mama yake alimchoka?

Tukasimama mbele ya picha. Mbingu tele, majani marefu, nguo zinapepea, na mwanamke ametugeuzia mgongo.

"Hana uso," Shangazi akasema.

Niliwaka hasira. Mchoraji amekula mkate wa watu, amelala kwao, halafu anachora kisogo! Nikasogea nione kama shavu japo linaonekana. Shavu sikuliona. Niliona kamba.

"Bi Lindqvist, hii kamba hapa ya nini?"

"Tunadhani ni ya mbuzi. Inaingia kwenye majani, mwisho wake hauonekani."

"Kwetu hatukufuga mbuzi," Shangazi akasema.

"Basi ng'ombe."

"Mama wee, nani anajifungia ng'ombe kiunoni? Akitimua mbio, maiti utaiokota wapi?"

Mimi na Bi Lindqvist tukatazama tena. Kweli, kamba haikufungwa nguzoni. Nguzo za kuanikia zilikuwa mbili, zote tupu. Kamba ilianzia kwenye kiuno cha yule mwanamke, imezungushwa juu ya aproni na kupigwa fundo mgongoni, kisha ikashuka na kupotea majanini. Na pale ilipopotelea, majani yalikuwa yamelala kidogo, kana kwamba kitu kifupi kimekaa katikati yake.

"Labda mbwa," nikasema, maana bado nilikuwa namtetea bibi yangu kimoyomoyo.

Mkono wa Shangazi ulikuwa umeingia ndani ya koti, umeshika tumbo pale ilipomkwaruza kamba. Hapo nami nikaelewa, na nikaona aibu. Sisi watu wa mbuga tunajua mtoto akiingia kwenye majani yale hapatikani. Miaka hiyo walipotea watoto, wakatafutwa mpaka theluji ikaanguka.

"Darka," akaniita, "bibi yako alisema nguzo."

"Alisema nguzo, Shangazi."

"Wewe unaona nguzo hapo?"

"Sioni." Halafu nikajilazimisha kusema yote. "Alikufunga kiunoni mwake mwenyewe. Bibi alisema uongo."

"Au aliambiwa nusu," Shangazi akasema. Sikutegemea angemhurumia. Machozi yalikuwa yanamtiririka na wala hakuhangaika kuyafuta. "Kila nilipojivuta, na yeye alivutika. Anaanika nguo huku namvutavuta! Masikini, sijui alizimalizaje."

Akacheka, akapenga kamasi, akamwomba Bi Lindqvist kiti. Alikiweka upande wa kushoto, mbali na mwanamke, mkabala na yale majani yaliyolala. Uso hakuutafuta tena.

Alikaa muda mrefu. Miguu ilinichosha, na udadisi wangu ukanipeleka kwenye mambo mengine: majembe, jiko la chuma, nyumba ya udongo waliyoijenga ndani ya ukumbi.

"Shangazi, twende basi tukamwone nyati."

"Nenda wewe," akasema bila kugeuka. "Mimi nimefungwa hapa."