Amplifaya ya Baba Mkwe

Katika miaka minne ya ndoa yake, fundi redio hakuwahi kusikia kutoka kwa baba mkwe wake zaidi ya salamu. Si kwamba mzee alikuwa na neno naye. Alikuwa mtu wa haya tu, karani mstaafu wa posta, na adabu ya ukwe aliishika kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Akija kumtembelea mwanawe, mume wa fundi, alimuuliza mkwewe habari za kazi, akaambiwa nzuri, akashukuru, akaanza kuutazama ukuta. Mkwe naye alikaa kidogo, kisha akakimbilia jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Kwa hiyo asubuhi ile fundi alipomwona mzee mlangoni pa karakana yake, anahema nyuma ya mkokoteni, aliweka bisibisi chini akasimama. Alidhani kuna msiba.

"Mkwe wangu," mzee alisema, "leo nimekuja kama mteja."

Juu ya mkokoteni, chini ya shuka, kulikuwa na amplifaya ya gitaa: sanduku la mbao lililovikwa ngozi iliyokwisha kubanduka pembeni, kongwe kuliko fundi mwenyewe. Ilikuwa ya valvu, zile taa za kioo ambazo ukiwasha swichi hukaa kwanza zikipasha moto, ndipo sauti itoke. Mzee alieleza shida yake huku akiitazama kalenda ukutani. Ujanani alikuwa mpiga gitaa. Rafiki yake Kijiko, aliyepewa jina hilo kwa sababu alijifunza ngoma kwa vijiko na sufuria za mama yake, alikuwa anatimiza miaka arobaini ya ndoa Jumapili inayofuata. Mke wa Kijiko alikuwa amekataa zawadi zote. Alitaka bendi ipige tena. Sasa sanduku, baada ya miaka ishirini chini ya kitanda, likiwashwa linanguruma kama mashine ya kusaga nafaka.

Fundi alishangaa. Mumewe hakuwahi kumwambia kwamba baba yake alikuwa mwanamuziki.

Mngurumo haukumsumbua. Alichomoa waya wa umeme, akafungua mgongo wa sanduku, akaanza kwa kuunyonya umeme uliobaki ndani, maana mashine za namna hiyo hata zikizimwa huweka akiba inayoweza kumrusha mtu ukutani. Kisha akazikuta kapasita za kusafisha umeme zimevimba na kuvuja. Akaweka mpya. Alipowasha, spika ikatulia tuli. Mzee akachomeka gitaa, akagusa uzi mmoja kwa ncha ya kidole, ting, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake.

Kesho yake mkokoteni ukarudi. Mzee alikuwa na aibu kana kwamba yeye ndiye aliyeharibika. Kwenye mazoezi, alisema, ilipiga wimbo mmoja na nusu, ikaanza kukwaruza kama mafuta yanayokaanga, kisha ikanyamaza. Kijiko aliipiga kofi, ikafufuka, ikafa tena.

Fundi akaikalisha mezani siku nzima. Alibadilisha valvu moja baada ya nyingine, akapima umeme kila kona, akaiacha iwake mpaka mbao zikapata joto. Wapi. Mzee alipoitwa kuijaribu, akagusa uzi wake uleule, ting, ting, na sauti ikatoka safi kama maji ya mtungi. Akaichukua. Alhamisi ikamfia tena mazoezini, na Ijumaa mkokoteni ukawa mlangoni.

Fundi hakulala vizuri usiku ule, na Jumamosi akili ikamkaa sawa. Kasoro inayoonekana mazoezini tu na kujificha karakanani ilikuwa na sababu. Akamtazama mzee, aliyekaa ukingoni mwa stuli na gitaa mapajani kama mtoto wa watu aliyeachiwa alee.

"Baba," alisema, "kule mazoezini unapiga hivi hivi, uzi mmoja mmoja?"

Mzee akakohoa. Akakiri kwamba hapana, kule wanapiga kweli.

"Basi nipigie kweli. Bila hivyo sitauona ugonjwa."

Mzee alikuna shingo. Akasema ile si miziki ya kupigwa mbele ya mkwe. Mingine ina maneno ya mapenzi, na yeye akipiga hawezi kutulia, hupiga mguu chini. Fundi alitaka kucheka, akajikaza. Akamwambia yeye kichwa chake kitakuwa ndani ya sanduku, hamwoni mtu, na masikio yake yatasikiliza mashine tu. Akageuza kiti, akampa mgongo, akaingiza kichwa. Mkono mmoja akauweka nyuma, kama alivyofundishwa chuoni kila mashine inapokuwa na umeme, na mwingine ukashika kijiti kikavu cha mbao.

Kisha, polepole, gitaa likaanza.

Fundi alisahau kazi kwa muda. Nyuzi zilikuwa zikikimbizana, zikicheka, zikirudiana. Mara mguu ukaanza kukanyaga sakafu, bisibisi zikacheza mezani, na sauti nzito ya mzee ikaingia ikimwomba mpenzi fulani afungue dirisha. Mzee aliposhukia uzi mnene kwa nguvu zote, sanduku zima likatetemeka, na hapo hapo ikaja: krrr, krrr, kisha kimya.

"Usiache, Baba! Endelea!"

Mzee akaendelea kuimba bila sauti ya gitaa. Fundi akagonga taratibu kwa kijiti, valvu hadi valvu. Alipogusa tundu la valvu kubwa ya mwisho, spika ikakohoa, ikaamka. Akagusa tena, ikalala. Akazima, akaunyonya umeme, akamulika tochi. Kwenye mguu mmoja wa tundu, lehemu inayoushika waya ilikuwa na ufa wa mviringo, mwembamba kama unywele. Mashine ikitulia, waya uligusana. Sanduku likitikiswa, uliachana.

Alifuta lehemu ya zamani, akatia mpya, ikang'aa. Mzee akapiga wimbo uleule mpaka mwisho, kisha mwingine, kisha wa tatu, jasho likimtiririka. Wa nne ulipoanza fundi alikuwa ameshaweka kijiti chini, mabega yakimcheza yenyewe, na wenye maduka ya jirani walikuwa wamejaa mlangoni.

Jumapili, uani kwa Kijiko, amplifaya ilivuma kwa saa tatu mfululizo bila kukwaruza. Mke wa Kijiko alicheza na mumewe hadi ngoma ikakosa mpigaji, na wageni wakagonga meza badala yake. Mtu mmoja akauliza nani amelifufua sanduku lile. Mzee akasimamisha gitaa, akanyoosha mkono kwa fundi aliyekaa mstari wa nyuma na mumewe.

"Yule pale. Huyo ni mkwe wangu," alisema, kwa sauti ambayo mwanawe hakuwahi kuisikia mezani kwao. "Na ana sikio kuliko Kijiko."

Kijiko akalalamika kwamba kutukanwa siku ya sherehe ya ndoa yake ni uonevu. Mke wake akamshika fundi mkono, akamvuta katikati ya uwanja, na wimbo ukaanza upya.